Mabango ya Msimu

Jumatatu

Nimebonyeza faili la bango saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Limefunguka saa tatu kasorobo. Katikati hapo nimefagia chumba, nimepokea oda ya kadi za harusi na kumwandikia mteja risiti, na mzee wa mashine ya kuchapa amechungulia mlangoni kuuliza kama umeme umekatika, kwa sababu ameniona nimekaa mikono mapajani. Umeme ulikuwepo.

Bango ni la kampuni ya utalii, mita 3 kwa 6, la kusimikwa kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Kisongo kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika. Lina tembo, lina Mlima Meru nyuma ya tembo, lina namba za simu. Kijana aliyelisanifu alifundishwa, kama tulivyofundishwa wengi, kwamba kazi ya kuchapa ni nukta 300 kwa inchi, basi, iwe kadi ya harusi au ukuta wa ghorofa. Akaweka 300 kwa ukubwa kamili wa bango. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya ankara: pikseli 35,433 upande mfupi, 70,866 upande mrefu, jumla bilioni 2.5 na ushei. Kwenye rangi nne za kuchapia kila pikseli hula baiti nne, kwa hiyo tabaka moja lililojaa picha ni takriban GB 10. Mbingu ina tabaka lake, mlima una lake, nyasi zina lake. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8, na Windows hujikatia fungu lake kwanza.

Kinachozidi RAM, Photoshop hukihamishia kwenye diski na kukirudisha kila kinapohitajika. Diski yangu ni ile ya sahani zinazozunguka, inayosoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa haina kazi nyingine. Nimemsogeza tembo mmoja kidogo kushoto. Chai ilikuwa imepoa alipofika.

Nimempigia kijana simu. Hakukubali upesi kupunguza, na namwelewa: picha ikitoka na ukungu, lawama ni zake.

"Dada, mwalimu alisema chini ya 300 ni uzembe."

"Mwalimu alikuwa anazungumzia kitu kinachoshikwa mkononi. Hili linasomwa na mtu aliye ndani ya Hiace."

Mtu huyo yuko mita 10 au zaidi kutoka lilipo bango. Kwa umbali huo jicho zima haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya milimita 3 hivi. Nukta moja ya kazi yenye nukta 72 kwa inchi ni kama theluthi moja ya milimita. Maana yake hata 72 ni laini kuliko jicho linavyoweza kufaidi, na yote yaliyo juu yake yanabebwa na kompyuta bure, yanahifadhiwa bure, yanasubiriwa bure. Nukta zikishuka kutoka 300 hadi 72, pikseli hupungua zaidi ya mara 17, kwa sababu zinapungua pande zote mbili. Lile tabaka la GB 10 linabaki MB 580.

Kijana amekubali. Namba za simu na nembo nimezitoa ndani ya picha nikazipanga upya kama vekta, ili kingo zake zibaki kali bila kuongeza pikseli hata moja. Saa kumi na moja jioni bango lilikuwa linafunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Saa tano na dakika kumi umeme umekatika wakati faili la stika za magari linahifadhiwa, ukarudi kabla jirani hajawasha jenereta. UPS ililia, ikashika kidogo, ikazimika. Faili halikumaliza kuhifadhiwa.

Hili ninalitilia mkazo kwa kila kijana anayekuja kujifunza hapa: UPS haiwekwi ili uendelee na kazi gizani. Inawekwa ili upate nafasi ya kuhifadhi na kuzima. Kama faili lako linachukua muda mrefu kuhifadhika kuliko betri inavyoshika, basi huna ulinzi wowote, hata kama taa ya kijani inawaka. Kwa mji kama wetu, wepesi wa faili ni suala la usalama kabla halijawa suala la starehe.

Photoshop, inapohifadhi, hulibana faili ili lichukue nafasi ndogo, na ubanaji huo ndio unaokula dakika. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuuzima. Nimeuzima. Faili limenenepa kwenye diski, lakini sasa linahifadhika huku UPS bado inalia.

Baada ya kuwasha tena nimekuta diski C imebakiwa na nafasi ndogo sana. Sikuwa nimeongeza kitu. Nimepekua nikakuta mafaili makubwa yanayoanza na maneno Photoshop Temp, yamefuatiwa na tarakimu. Hayo ni yale mahamisho ya kwenye diski niliyoyaandika jana. Ukifunga programu kwa utaratibu, huyafuta yenyewe. Umeme ukikatika, hakuna wa kuyafuta. Yanabaki, na programu ikiwashwa inatengeneza mengine. Nimezisoma tarehe zake moja baada ya nyingine. Zinalingana na siku umeme ulipokatika mtaani kwetu. La zamani kuliko yote ni la wakati wa mgao, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kutoa umeme Februari 2024.

Nimefunga Photoshop kwanza, ndipo nikayafuta yote. Diski imepumua. Mashine imekuwa nyepesi kwa namna ambayo mzee wa mashine ya kuchapa ameigundua bila kuambiwa, maana amekuja kuuliza kama tumenunua nyingine.

Jumatano

Bosi ametoa hela ya RAM. Nimeandika kwenye karatasi: DDR3, ya kompyuta ya mezani, GB 8 mbili. Dogo aliyetumwa dukani amerudi na DDR4. Mwenye duka alimwambia ni mpya zaidi, kwa hiyo ni bora zaidi.

Ni mpya zaidi kweli, ila haiingii. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa RAM ya DDR3 na lile la DDR4 hayako mahali pamoja, na yamewekwa hivyo kwa makusudi ili mtu asichanganye. Nimekwenda mwenyewe, nimepita kwenye tope la Ngarenaro na kipande kile ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo inaingia, mama. Mwambie fundi asukume kwa nguvu."

RAM haisukumwi kwa nguvu. Ikifika mahali pake hushuka na vibanio vya pembeni hujifunga vyenyewe. Mzee alinisikiliza, akavaa miwani, akakiweka kipande hicho sambamba na cha zamani juu ya kaunta ya kioo, na pengo likaonekana limehama. Alibaki akiligusagusa kwa ukucha. Kisha akaingia stoo akatoka na DDR3 mbili zilizofungwa kwa gazeti, akanibadilishia bila neno, na akaniomba nimwachie ile karatasi yangu.

Mashine zetu nyingi hapa mjini ni mtumba, zimetumika kwenye ofisi za watu ng'ambo hadi wakazichoka. Yangu ni ya prosesa ya kizazi cha nne. Haiwezi kupandishwa Windows 11, nayo Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Sioni aibu nayo. Ina nafasi nne za RAM, inapokea hadi GB 32, na ikilishwa vizuri inafanya kazi ya kulisha familia. Ninachokipinga ni kijana kukopa fedha anunue mashine mpya kwa sababu faili limeganda, kabla hajajua kilichomo ndani ya faili.

Vipande vimekaa. Nimefungua mipangilio ya kumbukumbu: Photoshop, usipoigusa, hujitengea asilimia 70 ya RAM iliyo wazi. Nimeiacha hapo. CorelDRAW nayo huwa wazi siku nzima kwa ajili ya kadi na mihuri, na ukimpa mmoja kila kitu, mwingine hukaa njaa na mashine nzima huanza kuyumba.

Alhamisi

Mteja wa stika za magari ametuma picha ya simba kwa WhatsApp. Simba atakaa ubavuni mwa Land Cruiser, kutoka mlango wa mbele hadi taa ya nyuma. Picha ina pikseli 1,600 kwa upana, kwa sababu WhatsApp imeibana njiani. Nimemwomba atume ya asili, kama dokumenti na si kama picha. Kwa njia hiyo programu hupokea hadi GB 2 bila kugusa kitu. Ametuma picha ya skrini ya simu yake ikionesha ile ile picha ya simba. Pembeni inaonekana chaji imebaki asilimia 11.

"Dada, si unaongeza tu ubora huko kwenye kompyuta?"

Naweza kuongeza pikseli. Nikiikuza mara nne kila upande, faili linakuwa zito mara 16, na simba anabaki na macho yale yale yasiyo na mboni. Mashine inateseka, mchoro haufaidiki. Simba huyu atapita Mto wa Mbu, atapita Karatu, atasimama lango la Lodoare lenye foleni ya magari ya kampuni nyingine, na kila mgeni atamtazama kwa karibu kwa sababu pale hakuna kingine cha kutazama. Stika ya gari si bango la barabarani, mtu huiegemea. Nimemwambia hivyo hivyo.

Amesema picha ya asili iko kwa dereva, na dereva yuko Serengeti hadi Jumamosi ya wiki ijayo.

Ijumaa

Mpiga picha amekuja na diski ya kubebea, ndani yake picha za brosha. Wiki iliyopita alipanda Meru na wageni. Usiku wa kabla ya kileleni, pale Saddle Hut, mita 3,570, alitoa laptopu akahamishia picha kwenye diski hiyo ili apunguze kadi za kamera. Tangu ashuke, diski inagonga. Ameiweka mezani kwangu, nikaiunganisha, na sote tumeisikiliza.

Diski ya sahani hufanya kazi kwa kutegemea hewa. Kichwa kinachosoma hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa kubebwa na upepo wa sahani yenyewe, kwenye mwanya mwembamba mno kuliko unywele, unaopimwa kwa nanomita. Hewa ikiwa haba, kichwa hushuka. Ndiyo maana viwanda vingi huandika kikomo cha mita 3,048, yaani futi 10,000. Kwenye kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, angekuwa ndani ya kikomo. Saddle amekipita kwa zaidi ya mita 500. Watu wetu wanapanda mlima huu kila wiki na diski mikobani, na sijaona kampuni inayowaambia. SSD haina sahani wala kichwa cha kuelea, hivyo suala hili haliihusu; kwa anayefanya kazi ya Meru na Kilimanjaro ndiyo ya kubeba.

Kadi za kamera alikuwa hajazifuta. Tumezinakili zote, mvua ikipiga bati.

Picha zake ni za pikseli 8,256 kwa 5,504. Moja ikifunguliwa kwa biti 16 inachukua karibu MB 270 za RAM. Kwa biti 8, nusu yake. Kwenye brosha picha hiyo itakaa sentimita 10 kwa upana, na hapo ndipo lile somo la nukta 300 lilipo halali, maana brosha inashikwa mkononi: zinatakiwa pikseli 1,181 tu. Nimetengeneza nakala zilizopunguzwa kwa kila picha, za asili nikaziweka kando bila kuzigusa.

Halafu nimeziunganisha kwenye Illustrator badala ya kuzimeza. Picha iliyomezwa huwa sehemu ya faili, na kila ukihifadhi unaihifadhi nayo. Iliyounganishwa hukaa kwenye folda yake, na faili hubeba anwani tu. Brosha ya kurasa nane imekuwa ya megabaiti chache. Sharti lake ni moja, folda isihamishwe. Saa tisa dada wa mapokezi, kwa nia njema, amesafisha eneokazi la kompyuta, na folda ikaenda mahali panapoitwa MENGINEYO. Brosha imefunguka na masanduku matupu yenye misalaba. Tumeirudisha, na nimeipa folda hiyo jina linaloanza na USIGUSE.

Jumapili

Sikwenda ofisini. Kwaya imeomba bango la tamasha. Nimewaambia walete maneno kwanza.

Jumatatu

Ramani.

Kampuni ya wapagazi na waongoza mlima inataka ukurasa wa kati wa brosha uoneshe njia ya Momella: geti, Miriakamba, Saddle, Little Meru mita 3,820, kisha kilele, mita 4,566. Wameniletea ramani ya zamani iliyoskaniwa, ambayo mtu alikwisha kuigeuza kuwa vekta kwa kubonyeza kitufe kimoja. Faili lenyewe ni dogo, MB chache tu. Nimelifungua na kompyuta ikaganda hadi feni ikaanza kuvuma.

Uzito wa vekta haupimwi kwa megabaiti. Mstari wa vekta ni kama ushanga wa Kimasai: uzi ni mmoja, lakini kila shanga lazima ipitishwe mkononi. Kila ukikuza, ukisogeza, ukibadili rangi, programu huzipitia upya alama zote zilizoko kwenye mistari yote. Kitufe kile kimoja kiliweka alama kwenye kila chembe ya uchafu wa skana. Zimefika zaidi ya laki mbili.

Nimebadili mwonekano uwe mistari mitupu, bila rangi wala vivuli. Kwenye Illustrator ni Ctrl na Y. Kompyuta imerudi uhai mara moja, na hapo ndipo nimeuona mlima jinsi ulivyo. Magharibi na kusini, upande wetu wa mjini, mistari ya mwinuko imeachana kwa nafasi, unaweza kuihesabu. Ukivuka kwenda mashariki, kwenye kreta, mistari imebanana hadi imekuwa doa jeusi. Ule ni ukuta wa genge, kama mita 1,500 za kushuka wima, mahali ambapo ubavu wa mlima uliporomoka zamani na kumwaga udongo hadi Momella. Maziwa yale yamekaa kwenye mabonde ya maporomoko hayo. Katikati ya kreta kuna Koni ya Majivu, na mlipuko wa mwisho wa Meru ni wa 1910. Nusu ya alama zote za faili zilikuwa zimerundikana kwenye ukuta huo. Ubavu uliovunjika ndio ulioigandisha kompyuta.

Nimekaa na mlima huu siku nzima, na sikupenda kuukata ovyo. Ramani ya asili ina mstari kila mita 20, ambayo kwenye ukuta wa kreta ni mistari 75 ndani ya milimita chache za karatasi. Ikichapwa itakuwa wino tu. Nimebakiza mstari wa kila mita 100, nikapata 15, na genge likaanza kusomeka kama genge. Kisha nimepunguza alama za mistari iliyobaki kwa amri ya kurahisisha, kidogo kidogo, nikilinganisha na ya asili baada ya kila hatua. Amri hiyo ukiiachia inanyoosha kona, na kona za njia kati ya Miriakamba na Saddle ndizo zinazomwambia mgeni kwamba kuna ngazi nyingi mbele yake. Njia sikuirahisisha. Nimeichora upya kwa mkono.

Ramani nimeifungia tabaka lake lisiguswe, na nimeliweka chini ya mengine. Sasa ukurasa unakunjuka bila kusita.

Jioni mteja ameiona akauliza kwa nini nimetoa mistari. Nimemwonesha zote mbili zimechapwa. Amechagua yenye 15.

Jumanne

SSD imefika, ya GB 480. Fundi ameinakili diski ya zamani juu yake usiku, asubuhi akabadilisha. Windows imewaka kabla sijaketi sawasawa. SSD ya kawaida ya SATA husoma kama MB 500 kwa sekunde, mara tano ya diski ya sahani, na kwenye kurukaruka kati ya vipande vidogo tofauti ni kubwa zaidi, maana hakuna kichwa cha kusubiri kifike.

Yale mahamisho ya Photoshop nimeyaelekeza kwenye SSD. Diski ya zamani imebaki ndani ya kasha kama ghala la kazi zilizokwisha lipwa. Hatua za kurudi nyuma nimezishusha kutoka 50 hadi 20; kila hatua inayokumbukwa ni nafasi inayoliwa, na mtu akikosea hatua 20 zilizopita bila kuona, ni heri afungue nakala ya asubuhi.

Bosi alitaka tununue kadi ya michoro, kwa sababu rafiki yake amenunua. Tumebishana kwa heshima. Kadi ya michoro inasaidia kukuza na kuzungusha picha kwenye skrini, na vichujio kadhaa huitegemea. Haiongezi RAM ya programu wala haiharakishi diski. Kwa kazi zetu za mabango na brosha, SSD kwanza, RAM ya pili, na hela inayobaki iende kwenye betri ya UPS. Bosi amesema atafikiri. Mchana alituma betri ya UPS kwa bodaboda.

Betri ilikuwa ya pikipiki. Imerudi na bodaboda yule yule.

Jumatano

Kompyuta inaanza kazi kwa kasi, baada ya nusu saa inapunguza kasi. Nimepima joto la prosesa: linakaribia nyuzi 100. Prosesa ikifika huko hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue, na mtumiaji huona tu kwamba mashine imekuwa nzito.

Fundi amefungua kasha. Nje ni tope la Mei; ndani bado kuna vumbi la Septemba, limekuwa blanketi kati ya feni na chuma cha kupozea. Na tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo feni ile ile inapoza kidogo kuliko kule. Amelipuliza kwa blowa huku ameishikilia feni kwa bisibisi isizunguke, maana feni ikizungushwa kwa upepo huzalisha umeme unaoweza kuunguza bodi. Amepangusa ile dawa nyeupe iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, chembe ndogo tu. Joto limeshuka hadi 68 na limekaa hapo.

Vumbi lote limehamia kwenye karatasi nyeupe za kadi za harusi zilizokuwa zimesubiri kukatwa.

Alhamisi

Bango la Kisongo limekwenda kwa wenye mashine pana, maana yetu inaishia mita 1.8. Dogo alipeleka flashi, akarudi: faili halipo. Faili lilikuwa limekataa kunakiliwa tangu hapa, na ujumbe ukasema ni kubwa mno, ingawa flashi ina GB 32 na imejaa robo. Flashi nyingi huja zimepangwa kwa FAT32, na mpangilio huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Dawa yake ni kuipanga upya kwa exFAT, ila kila kilichomo hufutika kwanza. Ndani ya flashi hiyo kulikuwa na mahubiri ya mchungaji wa dogo. Tumeyahamisha kwanza.

Hata hivyo faili la kazi, lenye matabaka yote, halitakiwi kwenda kwa mchapaji. Nimebakiza la kazi hapa, nikatengeneza nakala iliyounganishwa kuwa tabaka moja, TIFF iliyobanwa, MB 210. Imeingia kwenye flashi hata bila exFAT. Kwa mchapaji imefunguka palepale, na mzee wa mashine kule amepiga simu kushukuru; wiki nzima, amesema, mafaili ya watu yamekuwa yakimlaza ofisini.

Jumamosi

Bango limesimama Kisongo. Nimekwenda kulitazama kutoka ng'ambo ya barabara, kisha nikasogea hadi nikaligusa. Ukiligusa, nukta zinaonekana. Ukirudi ng'ambo, tembo wana mikunjo ya ngozi na Meru ina kivuli chake upande wa kushoto.

Dereva amefika kutoka Serengeti na picha ya asili ya simba. Ina pikseli za kutosha. Tumeichapa na kuibandika mchana kutwa, vijana wawili na kikausha nywele. Mpini wa mlango wa nyuma umeangukia juu ya pua, kwa sababu gari lililoletwa ni la milango minne na vipimo nilivyopewa na mteja vilikuwa vya gari la milango miwili. Tumemsogeza simba mbele kwa sentimita 14 kwenye faili, tumechapa upya kipande kimoja, na pua imekaa wazi. Kusogeza kumechukua sekunde.

Kava la tairi la spea limeachwa hadi Jumatatu. Namba ya simu iliyo kwenye oda ina tarakimu tisa, na mwenye nayo hapatikani.